Kumtafutia Mama Bahari

Mama alipotoka eda, sisi wanawe watatu tulimwuliza anataka tumfanyie nini. Tulitarajia aombe kitanda kipya, au tumpeleke Mbale kwa dada yake. Akasema anataka kukaa mwezi mmoja kando ya bahari, kwenye jua, miguu yake ndani ya maji ya chumvi. Miguu ilikuwa imemvimba tangu siku za ugonjwa wa Baba, na daktari mmoja Mhindi alikuwa amemwambia kwamba kutembea mchangani na kukanyaga maji ya bahari kungemfaa kuliko vidonge. Lakini sote tulijua kwamba miguu haikuwa sababu yote. Baba yake Mama alikuja Tororo na misafara kutoka Malindi kabla reli haijafika, akaoa, akazeeka, akazikwa hapa. Mama alilelewa akiamini kwamba sisi ni watu wa pwani ambao tumekaa bara kwa muda tu.

Ndiyo sababu nyumba yetu ina chumba ambacho nusu ya Tororo inakijua. Kiko mbele, mlango wake wa bluu unafungukia barazani, na mtu akishuka stesheni hachelewi kuuona. Babu alikijenga na kuacha neno kwamba ni cha mgeni wa kutoka pwani, yeyote yule, wakati wowote. Kila Alhamisi Mama hukifagia, hubadili maji ya mtungi, hufukiza ubani, hukifunga, na ufunguo anaufunga kwenye pembe ya kanga yake. Wafanyabiashara wa Mombasa waliokuja kwetu kununua ngozi na samli walilala humo kwa miaka mingi, wakala, wakaondoka na dua. Mtu mwingine hakulala humo.

Kazi ya kuchagua mji iliniangukia mimi, mtoto wa kati. Kaka yangu Juma anaendesha lori letu, mdogo wetu Asumani anasimamia duka, na mimi ndiye ninayeandika barua za wote. Masharti ya nyumbani yalikuwa wazi: mahali penye mchanga ambao Mama anaweza kuufikia kwa miguu yake mwenyewe, msikiti usiwe mbali, na watu wa kuzungumza nao wawepo. Tulikuwa tumemwona Mzungu wa kinu cha pamba akirudi kila mwaka kutoka likizo ya pwani, ngozi imembabuka kama kiazi cha kuchoma, akimsifia karani wake mchanga na jua. Kama yeye anapumzika kwenye bahari ya babu yetu, tulisema, Mama atashindwa nini?

Swali hilo niliondoka nalo. Nawaandikia wenzangu wa Tororo na Busia jinsi lilivyojibiwa.

Siku ya soko nilipanda lori la Juma hadi Busia. Lori lilikuwa linaelekea Kisumu, nami ningepandia gari la moshi huko. Mama alikuwa ameniagiza jambo moja: nisifike kwa watu mikono mitupu. Kwetu huku, zawadi ya kumheshimu mwenyeji ni ngege, samaki wa ziwani waliokaushwa kwa moshi, wale wakubwa wanaopindwa mkia ukaingia mdomoni. Tukasimama sokoni. Nikachagua wanono, wakapangwa ndani ya kikapu na kufunikwa majani ya mgomba.

Mwanamke wa Kisamia, wenyeji wa huko Busia, aliyetuuzia aliuliza samaki wanakwenda wapi. Juma akamwambia Mombasa, baharini.

Yule mama akaacha kufunga kamba. "Kwani bahari yao imekauka?"

Wenzake walicheka hadi wakaegemeana. Juma hakucheka. Alipanda lori akasema watu wa shamba hawajui adabu za wageni, nami nikakubaliana naye. Ninaliandika hili kwa sababu hakuna hata mmoja nyumbani kwetu, tangu Mama hadi Asumani, aliyekuwa amefikiri kwamba tunapeleka samaki baharini. Tulifikiri tunapeleka heshima.

Kwenye kizuizi cha mpaka askari alichoma kikapu kwa fimbo mara mbili, akanusa fimbo yake, akatupungia mkono tupite.

Kutoka Kisumu nilisafiri daraja la tatu, kwenye benchi la mbao, kikapu kati ya miguu. Abiria wenzangu walinung'unikia harufu, kisha wakaizoea, kisha mmoja akaomba mkia nikamnyima. Nairobi tulishushwa sote tukapangwa mistari, kwa kuwa nchi ilikuwa katika hali ya hatari na kila Mwafrika alikuwa wa kushukiwa. Kijana Mzungu mwenye bunduki, umri wa Asumani wetu, alinitazama mikono, meno na viatu. Hakunigusa. Wale waliotolewa kwenye mstari hawakurudi garini, na gari likaondoka bila wao, mizigo yao ikiwa bado juu ya mabenchi. Mwanamke mmoja alikaa amepakata furushi la jirani yake aliyechukuliwa, hadi Voi, hajui amkabidhi nani.

Mombasa nilikuwa na mahali pa kufikia, au nilidhani hivyo. Bwana Salimu, mfanyabiashara wa ngozi, ndiye mgeni aliyelala chumbani kwetu mara nyingi kuliko wote. Alimwita Mama dada. Kila alipoaga alimwambia, nasi tukisikia, "Mombasa ni kwako, dada. Siku utakayokuja, mimi nitalala nje."

Nilimkuta mbele ya nyumba yake na wazee wenzake, wanakunywa kahawa. Alinikumbatia vizuri. Aliuliza habari za Mama, akamrehemu Baba, akanipa nafasi kwenye baraza na kikombe mkononi. Kisha akawaeleza wenzake mimi ni nani.

"Huyu ni kijana wa bara," alisema, "wa huko Uganda. Tunafanya nao biashara."

Nilikunywa kahawa. Nikasema kwamba babu yangu alikuwa wa Malindi, nikataja jina lake na la baba yake, kama Mama alivyotukaririsha. Mzee mmoja akauliza kwa upole babu huyo aliondoka lini. Nilipomjibu, akasema basi hata mbuzi wake angekuwa wa bara sasa. Wakacheka, na Bwana Salimu akacheka pamoja nao.

Nikatoa kikapu. Nilikifungua mwenyewe, kwa mikono miwili, kama tunavyofanya nyumbani. Harufu ya moshi ikajaa barazani. Msichana wa nyumba hiyo alikuja, akachungulia, akarudi ndani mbio, nikasikia kicheko cha wanawake kikipanda ngazi hadi ghorofani.

"Mwanangu," Bwana Salimu akasema, "sisi tunakaa ndani ya bahari, na wewe unatuletea samaki?"

Kikapu kikawekwa ukutani nje, kwa sababu ya paka. Nami niliwekwa hapo hapo. Nyumba ilikuwa na wageni wa harusi, nikaambiwa, hakuna nafasi hata ya kupitisha mkeka, ila baraza ina upepo mzuri. Nililala barazani kwa Bwana Salimu. Wageni wa harusi sikuwaona wakiingia wala wakitoka.

Asubuhi, kwa chai, nilimweleza shida yangu. Akastaajabu. Mama wa makamo asafiri njia yote hiyo aje akae mchangani? Mchanga mzuri una wenyewe, akasema. Bora nimwonyeshe ziwa letu, maji ni maji. Akaongeza kwamba akija mjini anaweza kuitazama bahari kutoka kwenye kivuko, na nauli ni ndogo. Kisha akanirudishia kikapu, kwa adabu kubwa, akisema watu wake hawajazoea samaki wa moshi.

Mtu aliyekula kwetu miaka yote hiyo alinirudishia zawadi ya mama yangu mkononi. Nilikipokea. Nilipofika kona ya barabara nikakumbuka maneno yote ambayo nilipaswa kumwambia.

Siku hiyo hiyo nilivuka kwa feri kwenda Likoni, kwa kuwa kule ndiko yule Mzungu wa kinu alikosifia. Ni kweli mchanga ni mweupe, laini kama unga wa mhogo, na minazi inainamia maji. Nilipita kwenye ufuo kwa miguu, nikihesabu vivuli ambamo Mama angeweza kukaa, hadi nikafika mbele ya hoteli yenye viti vya kitambaa. Wazungu walikuwa wamelala juani. Waafrika walikuwepo pia: wapishi, mtunza bustani, na wanawake watatu waliovaa kanzu nyeupe, kila mmoja na mtoto wa Kizungu.

Mwenye hoteli akanijia, mwanamume mnene wa kaptura.

"Wewe boi ya nani?"

Nilimjibu kwamba mimi si boi wa mtu. Nikamwambia kwamba baba yangu alikuwa na lori, kwamba natoka Tororo, na kwamba natafuta mahali pa kumpumzisha mama yangu kwa mwezi, tena tutalipa.

Alilifikiri jambo hilo. Hakukasirika hata kidogo, na hilo ndilo linaloniwasha mpaka leo. Alitaka kweli kunielewa.

"Mama yako iko yaya ya memsabu gani?"

Nilisema hana memsabu. Basi akanionyesha njia ya kutokea, kwa mkono wazi, kama mtu anayemsaidia aliyepotea.

Mtunza bustani alinifuata hadi uani. Alikuwa Mdigo, mtu mzima, na alizungumza bila kuacha kukata majani. Alinieleza kwamba mwanamke mweusi anaweza kukaa kwenye mchanga ule kutwa nzima, tena kwenye kiti, mradi ana mtoto wa Kizungu mkononi. Mtoto akilala na kupelekwa ndani, naye anaondoka. Alisema hayo kama anayenieleza saa za maji kupwa na kujaa. Kisha akauliza kama mama yangu anapenda watoto.

Najua alikuwa ananitania. Nilirudi kivukoni nikavuka tena kwenda Mombasa.

Kulipokucha nilipanda basi la Malindi. Kwenye vijito vya bahari hakuna madaraja. Basi hupanda chelezo, na wanaume hukivuta kwa mnyororo huku wakiimba. Tulikaa juani tukisubiri, kwa sababu kila gari la Mzungu lililofika lilipitishwa mbele, hata lililofika wakati sisi tumeshawekwa kwenye mstari. Wavutaji walikuwa na wimbo kwa kila gari, wakiwataja wenyewe kwa sifa na kejeli. Wazungu walipiga makofi, nasi tuliosikia maneno tulitazama majini.

Malindi ni mji wa babu yangu. Nilishuka nikiwa na jina lake mdomoni, nikawauliza watu wawili watatu karibu na msikiti. Walinisikiliza vizuri. Hakuna aliyelijua. Hilo silitilii chumvi. Mtu akiondoka zamani, mji haumngojei.

Nikaenda kuitazama bahari yake. Ghuba ni pana, mchanga umeteremka polepole hadi majini, mahali pazuri kabisa kwa miguu iliyovimba. Pale pale, kwenye mteremko wenyewe, hoteli moja ilikuwa imechomeka kibao. Kilisema kwa Kiingereza kwamba ufuo ule ni wa Wazungu tu. Kilikuwa kimepakwa rangi upya, na fundi alikuwa amezinyosha herufi kwa rula.

Nilisimama mbele yake nikisoma kana kwamba maneno yangeongezeka. Nilimfikiria Mama, anayefagia chumba kila Alhamisi kwa ajili ya pwani. Kisha nikageuka, nikatembea hadi nyuma ya soko, penye lundo la takataka, nikakiinua kikapu nimwage samaki wote.

"We! Hiyo ngege ya kwetu unatupa?"

Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mtoto mgongoni na karai la ndizi kichwani. Alikuwa ameshashika ukingo wa kikapu kwa mkono mmoja. Aliingiza pua kwenye majani ya mgomba akavuta pumzi, akakaa hivyo, na alipoinua uso macho yalikuwa yamelowa.

"Hii imekaushwa na moshi ya Samia," akasema. "Umetoa wapi?"

Nikamwambia Busia. Hakuuliza zaidi. Alichukua kikapu akatangulia, nami nikafuata samaki wangu.

Jina lake Nabwire, mwenyeji wa upande wa Busia. Mumewe alikuja pwani na jeshi wakati wa vita vya Hitla, akabaki, akawa mpishi. Anapika kwenye hoteli ile ile yenye kibao. Wana nyumba ya makuti ya vyumba viwili, safi, nyuma ya machinjio. Aliwaloweka ngege wawili, akatwanga karanga, akapika mchuzi mzito kama wa nyumbani, na majirani zake Wagiriama walikuja kuuliza kunaungua nini. Aliwagawia. Walikula kwa heshima, wakaomba maji. Nabwire alicheka akawaambia hicho si chakula cha watu wa maji ya chumvi.

Nilikuwa nimeshiba, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nilikuwa mgeni wa mtu. Akauliza mimi ni wa wapi hasa. Nikasema Tororo mjini, si mbali na stesheni.

"Nyumba gani?"

"Ya marehemu mwenye lori. Yenye mlango wa bluu mbele."

Mkono wake ulisimama juu ya sufuria. Akafunika sufuria, akajifuta mikono, akakaa.

Alinisimulia bila kupandisha sauti. Kabla hajaolewa alimleta mama yake, Taaka, hospitali ya Tororo kwa baiskeli, yeye akisukuma, mama amekaa nyuma ana homa. Walifika kumeshafungwa, na mvua ikaanza. Waliona baraza yetu wakaingia. Mama yetu akatoka. Hakuwafukuza, Nabwire alisisitiza hilo. Aliwapa chai, akawapa mkeka. Nabwire akaomba mgonjwa alale kwenye chumba kile chenye mlango wa bluu, kwa kuwa hakikuwa na mtu. Mama akasema hicho ni cha wageni wa pwani.

"Mvua ilikuwa inaingia na upepo," Nabwire alisema. "Mimi nakaa huku, mama nyuma yangu, mgongo wangu kwa mlango. Tunanusa ubani. Chumba iko kavu, inanukia, haina mtu."

Nilijikuta natetea. Nikamwambia ulikuwa wasia wa babu.

"Babu yako alikuwa amekufa," akasema. "Sisi tulikuwa tunanyeshewa."

Nilikuwa nimetoka kulala barazani kwa Bwana Salimu na nilikuwa nimeibeba hasira hiyo kama mzigo wa haki yangu, njia nzima kutoka Mombasa. Sasa sikujua niiweke wapi. Nilimkasirikia Nabwire kwanza, nakiri, kwa kuniharibia. Kisha nikamkasirikia babu. Kisha nikafika kwa Mama, na hapo nikasimama, kwa sababu mtoto hana pa kwenda zaidi ya hapo.

Nabwire akaniuliza pwani nimefuata nini. Nilitaka kumdanganya. Nikamwambia kweli: miguu ya Mama, mchanga, mwezi mmoja.

Alimbembeleza mtoto kidogo. Kisha akanyanyuka akanipeleka nje. Tulipita machinjio, tukapita mahali ngozi za mbuzi huanikwa, na ghafla bahari ilikuwa mbele yetu, na mchanga ule ule mweupe, na mteremko ule ule wa polepole. Hapakuwa na kibao. Wazungu hawapendi harufu ya ngozi, alisema, hata kuja kuchomeka mti wao hawaji. Wanawake wa mtaa walikuwa wameketi na nguo zao majini hadi kiunoni, wanapiga soga. Nikavua viatu nikaingia. Maji yalikuwa na joto. Nilikuwa nimepata mji.

"Mlete," Nabwire akasema. "Kitanda yangu nitampa, mimi nitalala na watoto. Lakini mwambie ni mimi. Nabwire, binti ya Taaka. Asikuje hapa hanijui."

Nilirudi kwa gari la moshi linalopita moja kwa moja hadi Tororo. Safari ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda, nami niliitumia kutafuta namna ya kusema. Mwamba wa Tororo ulipotokea dirishani bado sikuwa nimeipata.

Nyumbani walinipokea vizuri, wakaketi kusikiliza, nami nikaeleza kwa mpangilio. Niliposema Mombasa, Mama aliuliza Bwana Salimu alinilaza wapi. Nikasema barazani. Akaitengeneza kanga yake begani. Nikasema habari za Likoni, na Juma akatukana. Nikasema Malindi, kibao, lundo la takataka, ngege wa kuchemsha, na jina la Nabwire binti Taaka, na baiskeli, na mvua.

Asumani aliinama. Juma akaniambia nimekosa adabu, kwamba mambo mengine mtu huyaacha njiani.

Mama alinitazama mimi. "Nimekutuma ukanitafutie bahari," akasema, "umeniletea baraza yangu."

Akaingia ndani. Siku zilizofuata alisalimia wote isipokuwa mimi. Akatangaza kwamba haendi popote, miguu imepona. Haikuwa imepona, tulimwona akijishika ukutani. Juma alinilaumu kwamba nimemnyima mama yake kitu pekee alichokiomba maishani, nami nikamjibu kwa maneno ambayo sitayaandika. Ilipofika Alhamisi, Mama hakukifagia chumba.

Siku ya soko la Busia alitoka amevaa, akapanda mbele ya lori kabla Juma hajauliza kitu. Nikapanda nyuma. Huko Busia alimwuliza kila mwuza samaki kwa Taaka ni wapi, na yule mama aliyetucheka ndiye aliyetuonyesha njia. Tulimkuta bibi kizee kwenye ua wa mihogo. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na hakuna aliyempeleka hospitali tangu binti yake aolewe mbali. Mama alikaa chini mbele yake. Walichozungumza sikukisikia, Mama alitufukuza kwa mkono. Nilichosikia ni sauti yake ya mwisho, aliponyanyuka:

"Siwezi kulala kitanda cha binti yako kabla wewe hujalala changu."

Taaka alipofikishwa kwetu, Mama mwenyewe alifungua mlango wa bluu. Bibi akaingia akipapasa ukuta kwa viganja, upande huu, upande ule, hadi akakigusa kitanda.

"Kumbe kachumba kenyewe ni kadogo hivi," akasema.

Alikaa humo siku zote za kutibiwa macho. Alikuwa bado yumo msimu wa ngozi ulipoanza, na Bwana Salimu akashuka stesheni na mizigo yake, mikono wazi, anamwita dada kutoka mbali. Mama alimkaribisha, akamletea maji ya kunawa.

"Chumba kina mgeni," akamwambia.

"Wa Mombasa au Lamu?"

"Wa Samia."

Bwana Salimu akacheka, akidhani ni utani, kisha akanitazama mimi, na kicheko kikamwisha. Alitandikiwa barazani. Alipelekewa chakula kizuri, pilau na samaki wa moshi, naye alikula. Mvua haikunyesha siku hizo, na mimi, Mungu anisamehe, niliitazama mbingu kila jioni.

Hayo ndiyo niliyojifunza, na sikuyapenda. Kibao cha Malindi nitakichukia hadi kioze mikononi mwa wenye nacho. Lakini nilipokuwa mbele yake nilikuwa na hakika kwamba kwetu hakuna kitu kama hicho, na hakika hiyo siipati tena. Sisi tulikifukizia chetu ubani.

Wiki hii Mama anaondoka, nami namsindikiza. Amefunga kikapu kingine cha ngege, mara hii anajua cha nani, na Taaka ametuma karanga. Jana nilimketisha nikamweleza tena juu ya kibao, ili asije akatembea ufuoni akafika upande ule bila kujua akadhalilishwa. Mama amesomesha wasichana wa mtaa wetu Kurani kwa miaka mingi, kusoma anakujua.

"Kimeandikwa kwa herufi zipi?" akauliza.

"Za Kizungu, Mama."

"Basi hawakuniandikia mimi," akasema, akaendelea kukaza kamba ya kikapu.